Springi ya kalamu kwenye bunduki ya Gordon: sisi tulinyamaza, mtani akasema

Wakuu, habari za huko mliko.

Hii ninayoleta si chai. Imetokea nyumbani kwangu Thorncliffe Park, Toronto, katikati ya miaka ya tisini. Mke wangu yuko hapa pembeni anasoma ninavyoandika, kwa hiyo hata nikitaka kuongeza chumvi sitaweza.

Nianze na baba mkwe wangu. Mnyamwezi wa Sikonge, Tabora. Alikuwa askari wa wanyamapori karibu maisha yake yote, na kazi yake hasa ilikuwa kutengeneza bunduki za wenzake. Mama mkwe alipofariki tukamleta Canada akae na sisi.

Mzee akafika, akakaa. Basi.

Kwenye kochi, koti begani, anaangalia magari dirishani. Mjukuu wake Neema akimsalimia kwa Kiingereza, anaitikia kwa kichwa. Mtu aliyeheshimiwa wilaya nzima, hapa hata lifti alikuwa anaogopa kupanda peke yake. Iliniuma sana.

Kazini nilikuwa na mwenzangu, Mzungu anaitwa Gordon, mkazi wa Agincourt, mtu wa kuwinda bata kila vuli. Siku moja akalalamika kwamba shotigani yake, aliyoachiwa na marehemu baba yake, kitufe cha safety kimekuwa kizito. Nikamwambia baba mkwe wangu ni fundi. Akasema mlete.

Wakuu, mngemwona mzee siku ile kwenye basement ya Gordon! Mgongo ulinyooka. Akawa anaongea Kinyamwezi na ile bunduki.

Bunduki yenyewe hatukuitoa pale, sheria za huku hazina mchezo. Tuliondoka na kile kipande cha chini tu, chenye kifyatulio na safety, maana kinachomoka chote pamoja. Mzee alikibeba kwenye mkebe wa biskuti, mapajani, njia nzima.

Kwa wasiojua, safety ni kile kitufe kinachozuia bunduki isilie hata ukivuta kifyatulio. Ndani yake kuna springi ndogo sana, na hiyo ndiyo inayokishika kitufe kisihame.

Jumamosi mzee akatandika kanga ya mke wangu mezani, akaanza kufungua. Mimi nakunywa chai. Nikasikia "ti!" Springi imeruka.

Familia nzima tukapiga magoti. Tukapapasa zulia, tukainua kochi, tukapasua mfuko wa vacuum na kuchambua vumbi kama mchele. Hakuna kitu. Mzee naye alikuwa chini, lakini niliona anapapasa tu, haangalii.

Jumatatu narudi kutoka kazini nakuta kazi imekwisha. Mzee anatabasamu. Mezani kuna kalamu ya shule ya Neema imefunguliwa, springi yake imekatwa kwa koleo.

Hapa naomba msicheke. Sisi tumekulia hivyo. Kwetu kipuri hakiagizwi, kinatolewa kwenye kitu kingine kilichokufa. Redio inapona kwa waya wa baiskeli na fundi anasifiwa mtaa mzima.

Nikakichukua kile kipande, nikakitikisa kidogo. Kitufe kikahama chenyewe. Nikakirudisha, nikatikisa, kikahama tena.

Na Gordon haendi kuwinda peke yake. Anakwenda na binti yake wa sekondari, wanaongozana kwenye majani, mmoja mbele mwingine nyuma. Nikamfikiria yule binti akiwa mbele, bunduki ya baba yake nyuma.

Kuna mkuu atauliza, si ungemwambia mzee tu? Mkuu, umeoa wewe? Yule ni baba mkwe wangu. Hata sahani moja sijawahi kula naye. Nimwambie kazi yake mbovu, kazi pekee aliyoipata tangu ashuke kwenye ndege?

Nikamwomba mke wangu amwambie yeye. Akalia. Akasema, "Baba Neema, ukimnyang'anya hiki atanifia mikononi. Mimi siwezi."

Nikafikiria kununua springi nyingine niibadilishe kimyakimya. Lakini mzee alikuwa analala na ule mkebe chini ya mto. Na msimu wa bata unakaribia.

Ndipo mke wangu akamkumbuka Bi Sikudhani.

Huyu mama alikuwa anakaa ghorofa ya juu yetu, anafanya kazi ya kuhudumia wazee. Mzaramo. Kwa vijana wasiojua, Mzaramo na Mnyamwezi ni watani tangu enzi za misafara. Mtani anaweza kukutukana mbele ya wanao, akakamata kuku wako akaondoka naye, hata msibani akamcheka maiti, na huruhusiwi kukasirika.

Mke wangu akapanda kumweleza yote, naye akaja jioni. Hata hodi hakupiga.

"We mpagazi! Nasikia unataka kuua Wazungu kwa kalamu ya mtoto!"

Mzee akacheka. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu aje. "Toka hapa, mvivu wa pwani wewe."

"Sitoki. Lete hiyo takataka yako." Akakitikisa kile kipande mbele ya pua yake. Kitufe kikahama. "Unaona?"

Mzee akageuzia uso dirishani.

"Nakuuliza, unaona? Maana mimi nadhani huoni. Macho yako yamekufa lini, Mnyamwezi?"

Mimi na mke wangu hatukujua pa kutazama. Mzee akasema kwa sauti ndogo, "La kulia kabla sijaja. La kushoto linafuata. Sikutaka kuwa mzigo kwa mwanangu."

"Babu zako wamebeba mizigo ya watu mpaka pwani, miezi njiani. Leo wewe unaogopa kubebwa na mtoto uliyemzaa?"

Alilia, wakuu. Mke wangu akaenda kumshika. Bi Sikudhani akaketi kwenye zulia akaagiza chai, utadhani alikuja kutembea tu.

Jumamosi nikampeleka mzee Agincourt. Gordon akatukaribisha vizuri, lakini mzee alikataa kukaa. Akasema, "Mwambie springi yake nimeipoteza, nikaweka ya kalamu. Ingeweza kumuua mtoto wake. Mwambie sioni."

Mimi nikatafsiri kwamba kuna kipuri kidogo inabidi kiagizwe. Nilimwonea huruma.

Mzee akanigeukia. Kumbe Kiingereza cha kuongoza watalii porini bado kilikuwepo. "Sivyo nilivyosema, Baba Neema. Mwambie yote."

Nikamwambia yote.

Gordon akamtazama mzee, akamvutia kiti. Akasema baba yake naye aliwinda miaka mingi na macho mabovu, na nyumba nzima hakuna aliyethubutu kumwambia. Hatukumuuliza iliishaje.

Springi mpya iliagizwa kwenye duka la wawindaji. Gordon akaiweka mwenyewe, mzee akimshikia kile kipande kwa mikono miwili. Hospitali walilitibu jicho la kushoto, la kulia hatukuliwahi. Aliishi nasi miaka mingine mingi, na Bi Sikudhani hakuacha kuja kumtukana. Wote wawili sasa ni marehemu, Mungu awapumzishe.

Nilichojifunza ni hiki. Heshima ni nzuri, lakini ikibaki yenyewe tu ndani ya nyumba, mtu anaweza kuangamia huku anaamkiwa shikamoo. Wazee wetu walilijua hilo, wakaweka watani.

Sasa nije kwangu. Leo baba mkwe ni mimi. Neema ameolewa Brampton na kijana ambaye kwao ni Bukavu, mtoto ana adabu kupita kiasi. Majuzi nimegonga nguzo ya gereji yao kwa gari, na si mara ya kwanza. Kijana akaja mbio, akaniambia, "Haina shida Papa, hiyo nguzo ndiyo ilijengwa vibaya."

Neema alikuwa amesimama pale mlangoni. Hakusema kitu.

Mimi Mpare. Watani zangu Wachaga mlioko Toronto na jirani, njooni nyumbani, msipige hodi. Na ninyi wengine mnaosoma, semeni: kwenu nani anaruhusiwa kumwambia mzee ukweli?