Nilivyokabidhiwa kwa Bi Mejumaa

Harufu ya mafuta ya taa hunipandisha hasira hata leo, nami sioni haya kulisema. Wengine huwakumbusha koroboi na ngano za bibi zao. Mimi hunikumbusha ndege, kwa sababu ndege kubwa hazinywi petroli kama magari. Hunywa kitu ambacho ni ndugu wa tumbo moja na mafuta yale yale ya jikoni. Nyumba yetu pale Ukunda haikuwa mbali na uwanja mdogo wa ndege, na upepo ukigeuka harufu hiyo iliingia mpaka uani, ambako mama alikuwa akishona mapazia ya mahoteli ya Galu. Siku ambazo upepo haukugeuka, niliinamia jiko la mafuta nikavuta pumzi. Mama akinikuta alinipa kofi la mgongo na kuniuliza ni nani atakayemposa msichana aliyeungua pua.

Basi mjue kwamba nilikuwa mgonjwa wa ndege. Wenzangu wakitoka madrasa walikwenda kucheza. Mimi nilikwenda kusimama kwenye ua wa nyaya za uwanja, buibui limejaa vumbi jekundu, nikingoja vindege vilivyowaleta watalii kutoka mbugani. Nilivijua kwa sauti. Nikifumba macho niliweza kusema hiki kina injini moja, kile kina mbili, na huyu rubani wa leo ana haraka. Wavulana wa mtaani waliniita Bi Ndege. Niliwapiga wawili, wakaendelea kuniita, lakini kwa mbali.

Nilikuwa na hasira tangu utoto, nadhani nilizaliwa nazo. "Hasira hasara," mama alikuwa akiniambia, na huku cherehani yake inakwenda. Nami nikijibu moyoni kwamba hasara ni kunyamaza.

Nilipofika miaka kumi na sita, chama kimoja cha vijana wapenda ndege huko Ulaya kiliitisha shindano la kuchora. Nikachora bawa la ndege inayotua, na vile vibao vya nyuma ya bawa vimeteremshwa vyote, kila kimoja mahali pake. Nikashinda. Zawadi ilikuwa kambi ya likizo pamoja na tiketi ya kwenda na kurudi: kutoka Mombasa mpaka mji mmoja wa Ghuba, na kutoka huko, kwa ndege nyingine, mpaka Ulaya. Peke yangu.

Hilo neno la mwisho ndilo lililomnyima mama usingizi. Baba alikuwa ameshafariki, kwa hiyo lawama zote za wajomba zilimwangukia yeye. Mtoto wa kike, Ulaya, bila mtu? Mama alilia, akaswali, akakubali. Mimi nilidhani amekubali. Kumbe alikuwa amekubali kwa upande mmoja, na upande wa pili alikuwa bado anatafuta namna.

Kiti nilikichagua mwenyewe kwenye kompyuta za saiba ya Ukunda: dirishani, nyuma kidogo ya bawa. Nilitaka kuona kile nilichokichora kikifanya kazi. Nisikilizeni vizuri hapa, maana ndiyo roho ya habari yenyewe. Sikuwa na hamu ya kuona Ulaya wala theluji, na maduka ndiyo kabisa. Nilitaka kuliona bawa, na kama Mungu angenijalia, kuingia katika chumba cha rubani cha ndege kubwa, hata kwa muda wa kumeza mate. Nilikuwa nimeliomba hilo kila sala kwa mwaka mzima.

Siku ya safari tulivuka feri ya Likoni mapema, tukafika uwanja wa Mombasa tukiwa na sanduku moja na mfuko wa mahamri ambayo mama alishikilia kwamba Wazungu watayahitaji. Foleni ilikuwa ndefu. Mbele yetu walisimama wanawake kadhaa waliovaa skafu za rangi moja ya chungwa juu ya mabuibui. Mama aliwatazama mmoja mmoja, kama anavyokagua kitambaa dukani, kisha akamgusa bega mmoja wao, mwanamke wa makamo, mnene wa wastani, mwenye uso wa upole.

"Assalamu alaikum, dada yangu. Watoka wapi?"

"Wa alaikumu salaam. Natoka Msambweni. Mimi Mejumaa."

Hayo tu yalimtosha mama. Msambweni ni kwetu, mwendo mfupi tu kutoka Ukunda. Hapo hapo akanishika mkono, akautia katika mkono wa mwanamke yule.

"Huyu mwanangu. Hajapata kusafiri. Nakukabidhi, dada. Kwanza kwa Mungu, kisha kwako."

Bi Mejumaa hakuuliza ninakwenda wapi wala kwa nini. Alisema, "Nimempokea. Amana yako itafika."

Nyinyi wa pwani mnajua uzito wa neno hilo, na wageni niwaeleze: kwetu mtu akishapokea amana, awe anakujua au hakujui, hana budi kuirudisha kama alivyopewa, hata kama ni kuku. Siku ile kuku nilikuwa mimi. Nilisema, "Mama, mimi nina miaka kumi na sita." Mama akasema, "Mwamkie shangazi yako." Nikamwamkia shikamoo kwa meno yaliyobana. Kisha mama akafanya jambo ambalo sijamsamehe mpaka leo: alichukua pasipoti yangu akampa Bi Mejumaa. Yule akaifunga katika kitambaa pamoja na ya kwake, akaitumbukiza kifuani ndani ya buibui.

Hayakuishia hapo. Kwenye meza ya mizigo mama alimwomba kijana wa kazi, mtu wa bara, atuweke pamoja.

"Usijali, mathe," akasema yule kijana. "Nitawaweka pamoja, hiyo ni kitu ndogo."

Kitu ndogo hicho kilikuwa dirisha langu. Tulipewa viti vya katikati, safu ya katikati, mahali ambapo mtu anaona kisogo cha mwenzake na taa ya choo. Nilipoingia ndani nikakipita kile kiti changu cha dirishani, na ndani yake mwanamume mmoja alikuwa tayari amevuta kipazia chini, amelala. Nilitamani kumng'ata.

Tulipoanza kukimbia ili turuke, Bi Mejumaa alinishika mkono akaubana mpaka vidole vikafa ganzi. Ikanipambazukia kwamba mlezi wangu hajapata kupanda ndege maishani mwake. "Nini hiyo?" aliuliza kila mlio uliposikika. Nikamjibu, kwa ukali mwanzoni: hayo ni magurudumu yanaingia tumboni. Hizo ni injini zinapunguzwa nguvu, hazijazimika. Hivyo ni vibao vya bawa vinarudi mahali pake. Nilimweleza bawa zima bila kuliona, kwa masikio. Naye kila nikimaliza alisema, "Alhamdulillahi," kisha akaulizia mlio mwingine.

Mhudumu mmoja wa ndege, dada mrefu mwenye tabasamu, alikuwa amesimama karibu akasikiliza. Hakujua Kiswahili lakini aliona mikono yangu inavyochora. Aliniuliza kwa Kiingereza ninajuaje mambo hayo. Nikamweleza yote, na shindano, na kambi. Akaondoka. Aliporudi aliinama sikioni mwangu akaniambia kwamba amezungumza na rubani: tukishatua, watu wakiteremka, nikae kitini. Atakuja kunichukua anipeleke mbele nikaone.

Safari iliyobaki sikula. Niliogopa nikifungua mdomo bahati itatoka.

Tukatua. Watu wakasimama wote kwa pamoja kama kawaida yao. Yule dada akaja, akaninyoshea mkono, nami nikainuka. Bi Mejumaa akanishika kifundo cha mkono.

"Waenda wapi?"

"Kwa rubani, shangazi. Wamenikubalia nione chumba chake."

"Kuna nani humo?"

"Marubani wawili."

"Wanaume?"

Ningesema uongo, lakini nilikuwa bado nina udhu wa asubuhi na ulimi ukakataa.

"Huendi," akasema. "Chumba chenye mlango wa kufungwa, ndani wanaume wawili nisiowajua, nami nimekabidhiwa mtoto wa mtu. Mamako angekuwa hapa angekubali?"

Jibu la swali hilo sote wawili tulilijua. Nilimsihi. Nikamwambia aje naye, tuingie wote. Akatazama lile lundo la watu na wenzake wenye skafu za chungwa wakienda, akahofia kuachwa, akakataa. Nilikuwa na nguvu za kuuchomoa mkono wangu. Lakini nimelelewa kwamba mkono wa mtu mzima haukung'utwi, na pasipoti yangu ilikuwa kifuani pake. Yule mhudumu alitutazama, akainua mabega, akasema samahani. Tulipofika mlangoni pa kutokea, mlango wa chumba cha rubani ulikuwa wazi upande wa pili. Niliona mgongo wa kiti, bega lenye mistari ya dhahabu, na taa moja ndogo ya kijani. Kisha Bi Mejumaa akapita upande huo na sanduku lake begani, akaniziba.

Sikumsemesha tena. Nilitembea mbele kwa hasira katika njia zile ndefu za vioo, yeye akinikimbilia nyuma na viatu vyake vipya vinampiga. Kila penye kibao aliniuliza kimeandikwa nini, nami nikamwonyesha kwa kidevu. Tukafika mahali ambapo wanaobadilisha ndege huenda kulia, na wanaoingia mjini kushoto. Hapo alikuwa amesimama mwanamume mmoja mwenye shati jeupe, na wale wanawake wa skafu za chungwa wamepangwa ukutani kama watoto wa shule. Alikuwa anapita akikusanya pasipoti zao, moja juu ya nyingine, bila kuwatazama nyuso.

Bi Mejumaa alitoa kile kitambaa kifuani akakifungua. Yule mtu akaona pasipoti mbili, akanyosha mkono azichukue zote, na kwa kidole akanionyesha mimi nikasimame ukutani.

Bi Mejumaa alinivuta nyuma yake. "Huyu si wako," akamwambia kwa Kiswahili. Yule mtu akasema neno kwa lugha yake, kwa sauti ya juu. Naye akarudia, polepole, "Huyu si wako. Huyu ana mama yake." Akanikabidhi pasipoti yangu kwa mikono miwili. "Nenda, mwanangu. Umwambie mamako nimekufikisha." Kisha akampa yule mtu ya kwake, akaenda kusimama ukutani.

Mnajua niliwaza nini? Niliwaza: mwanamke huyu hachoki kunisemea. Nikaenda kulia, wala sikugeuka.

Kambi ilikuwa nzuri na sina la kuwaeleza juu yake. Niliporudi nilimsomea mama mashtaka yote: kiti, pasipoti, chumba cha rubani. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Mkamia maji hayanywi." Kisha akauliza, "Lakini alikufikisha?" Nikasema alinifikisha. Akarudi kwenye cherehani yake ameridhika.

Miaka ikapita. Mimi sasa ni fundi wa ndege, na vyumba vya marubani nimeingia mpaka nimevichoka, bisibisi mkononi. Mwaka niliopata kazi ndipo mama aliposikia kwamba Bi Mejumaa amerudi Msambweni kutoka kwenye kazi za ndani huko Ghuba, na kwamba amerudi kwa karatasi ya dharura ya kusafiria, bila sanduku, kwa sababu pasipoti yake hakuiona tena tangu siku ile. Tukaenda kumpa pole. Tulimkuta amekaa kwenye mkeka barazani, amekonda, mkono mmoja haunyooki. Mama hakuwa hata amekaa.

"Yule mwanao alifika?" akauliza Bi Mejumaa.

"Huyu hapa, dada. Alifika."

Alinitazama sana, akasema alhamdulillahi. Nikashindwa kujizuia, nikamwuliza alijuaje kwamba yule mtu hafai kupewa pasipoti yangu.

"Nani hakujua?" akasema. "Sote pale ukutani tulijua. Ukimwona tu mtu anavyoshika pasipoti za watu."

"Sasa mbona ulimpa yako?"

"Wewe ulikuwa amana, mwanangu. Mimi nilikwenda kwa miguu yangu."

Niliteremka barazani nikasimama penye mchanga, nina hasira ambayo ile ya chumba cha rubani ilikuwa ni mchezo wa kitoto mbele yake. Namkasirikia yule mwenye shati jeupe. Nawakasirikia mawakala wa kazi waliozigawa zile skafu za chungwa Mombasa na kuwaambia wanawake watu wazima wazivae ili wasipotee. Nayakasirikia maneno hayo, kwa miguu yangu, ambayo mtu hufundishwa ili asiwe na wa kumlaumu. Na tukiwa sisi kwa sisi niwaambie na lililobaki. Mama alimtazama mwanamke yule akaona mikono ya kumbebea mwanawe. Mimi nilimtazama nikaona kizuizi. Foleni siku ile ilikuwa ndefu, tulisimama naye bega kwa bega, tukaongea habari zangu tu, na hakuna aliyemwuliza yeye anakwenda kwa nani.