Magunia Mia Mbili Hamsini

Ipo siku moja ya kule Matamba ambayo nikiikumbuka nakasirika upya, mdogo wangu. Sina mvi za kutolea nasaha. Lakini jana ulinipigia simu kutoka Makambako ukasema kuzidisha hatua kwa hatua ni kazi ya watoto, wewe unataka kanuni ya mkato tu. Basi nisikilize.

Hesabu nilijifundisha mwenyewe, kwa kitabu kisicho na jalada, na nilikuwa narudia ukurasa mzima mwandiko ukipinda. Shangazi Tumaini aliongoza kikundi cha mbegu za viazi. Walikuwa na magunia mawili ya mbegu safi, na kila gunia likipandwa hutoa matano. Akaniuliza, wakivuna mara mbili watakuwa na mangapi? Ilitosha kuchukua idadi iliyotangulia na kuizidisha kwa tano. Nikaona aibu kuandika kitu chepesi hivyo. Nikaruka moja kwa moja hadi namba ya tatu ya mfuatano, na kwa kuwa ni ya tatu, nikazidisha kwa tano mara tatu badala ya mara mbili. Mia mbili hamsini. Nikapiga mstari kwa rula.

Kaya hamsini zikaandikishwa, kila moja ikaahidiwa magunia matano.

Mkutanoni shangazi alilitazama daftari langu, kisha akaniuliza mbele ya wote.

"Leo tuna mangapi?"

"Mawili."

"Tukivuna?"

"Kumi."

"Tukivuna tena?"

"Hamsini," nikasema. Yaani kaya kumi tu.

"Mwandiko mzuri kweli," akasema. "Sasa nenda kawaambie hao arobaini. Wewe, siyo mimi. Wasiuze mbegu zao za zamani, wasubiri msimu mmoja zaidi."

Nikazunguka nyumba arobaini kwenye ukungu. Mzee mmoja alinisikiliza mlangoni, hakunikaribisha. "Kumbe na nyie wasomi mnashindwa kuhesabu viazi." Nilijichukia, kwa sababu kanuni nilikuwa naijua. Nilijali nionekane najua.

Mdogo wangu, kanuni ya mkato itumie, lakini kwanza andika namba tatu za mwanzo, kila moja ukiitoa kwenye iliyotangulia, uone kama zinakubaliana. Uliyo nayo mkononi ndiyo ya kwanza. Ukikosea moja, zote za mbele zimeharibika, kwa hiyo irekebishe hapo hapo.

Mungu akupe subira kubwa kuliko aliyonipa mimi, na asikose mtu mbegu kwa sababu ya hesabu yako.