Siku Bibi Alipolipiga Bati Jabalini

Juzi binti yangu alinipigia simu kutoka kazini kwake Rusayl. Yeye na wenzake wanataka kwenda kupanda jabali siku ya Ijumaa, safari ya kwenda na kurudi siku hiyohiyo, si ngumu sana wala si ya kitoto. "Mama, tuchukue maji kiasi gani?" akaniuliza. Nilimjibu, lakini nilipoweka simu chini nikabaki nimekaa jikoni na chai yangu ikapoa. Swali lile lile aliliuliza baba yangu nilipokuwa na miaka tisa, na nakwambia, mpaka leo nikilikumbuka hushusha pumzi.

Tulikuwa tukikaa Maskati ya zamani, nyumba ya chini yenye ua mdogo, na nyuma ya ukuta wa ua jabali lilianza hapo hapo. Wewe kama hujayaona majabali ya huku, basi fikiria mawe matupu ya rangi ya kutu, ncha juu ya ncha, hayana jani. Asubuhi jua likiyapiga huwa mekundu kabisa. Bibi, mama yake baba, alikuja kutoka Unguja akiwa mtu mzima, na hakuyapenda hata siku moja. Alikuwa akianika nguo uani huku kayapa mgongo. "Nchi gani hii," akisema, "hata mlima umekosa nguo ya kuvaa."

Baba naye aliyapenda kwa kuyatazama tu. Alikuwa karani serikalini, mtu wa kalamu. Msimu mmoja wa baridi akajitia hamu ya kulivuka jabali kwa miguu mpaka Sidab, kijiji cha wavuvi upande wa pili, tukale samaki pwani kisha turudi. Wiki nzima alikuwa akipanga. Aligeuza karatasi ya kalenda, akachora njia nyuma yake, akaandika vitu vya kuchukua. Jioni akamwita jirani yetu aje aitazame.

Jirani alikuwa mzee wa kiarabu aliyekulia milimani akichunga mbuzi. Kiswahili hakujua, baba akawa anamfasiria bibi. Aliitazama ile ramani, akacheka kidogo, kisha akawa hacheki. Alisema tutoke baada ya sala ya alfajiri. Baba akauliza tuchukue maji kiasi gani, akajibiwa kila mtu abebe yake, mtoto pia. Tukiona wingu juu ya milima ya mbali tusiingie wadi, lile bonde kavu, maana maji huja hata kama kwenu hakukunyesha. Mmoja akipotea, wengine wasiondoke walipo. Mwisho akamuuliza baba, "Mtarudi saa ngapi?"

"Alasiri tutakuwa nyumbani," baba akajibu.

"Nimesikia," jirani akasema, akamaliza kahawa yake.

Jirani alipotoka, bibi akasema, "Na mimi nnakwenda."

"Mama, wewe jabali hulipendi!"

"Ndiyo maana nnakwenda. Sitakaa hapa nikalitazama likiwameza."

Usiku huo nyumba ilinukia ufuta. Bibi alioka mikate, akakaanga samaki, akachemsha mayai, akavitia vyote kwenye bakuli kubwa la bati lenye kifuniko, akalifunga kwa kanga. Baba alisema ni zito. Bibi akamwambia ulibebe basi wewe.

Mwanzo wa safari ulikuwa mzuri, sitasema uongo. Hewa ya baridi, mawe yanalia chini ya miguu, na bibi katika makubadhi yake akipanda polepole huku akisoma dua. Tulipofika juu tuliona bahari upande mmoja na nyumba zetu nyeupe upande wa pili, ndogo kama sukari ya mchemraba. Baba alifurahi kama aliyeliumba jabali yeye.

Kuteremka ndiko kulikotushinda. Njia iligawanyika makorongo matatu, na kwenye karatasi ya baba lilikuwa moja. Akasema, "Kaeni hapa kivulini, naenda kutazama, narudi sasa hivi." Akatuachia bakuli na maji, akachukua chupa moja, akapotelea nyuma ya jabali.

Tulikaa. Kivuli kikawa kinapungua, sisi tunakifuata. Nilisikia baba akiita mara moja, mbali, lakini sauti iligonga huku ikarudi kule, hukujua imetoka wapi. Kisha ikanyamaza. Nikasimama, nikasema nakwenda kumtafuta. Bibi akanishika mkono, akachukua pindo la kanga yake akalifunga kwenye kifundo cha mkono wangu.

"Umesikia alivyosema jirani? Wewe huendi popote."

"Bibi, na kama ameanguka?"

Uso wake ulikuwa umekauka, na hapo ndipo nilipojua kwamba watu wazima nao huogopa. Aliita, "Mwanangu! Huku!" mpaka koo likamkauka. Akanipa maji mimi, yeye akalowesha midomo tu. Halafu akalivuta lile bakuli, akamimina mikate, samaki na mayai yote juu ya kanga ya kufungia, akaokota jiwe, akaanza kulipiga bati.

Hujapata kusikia kelele kama ile. Alipiga, akapumzika, akapiga. Mkono ukichoka akanipa mimi jiwe. Sijui tulipiga muda gani. Adhana ya adhuhuri ilisikika kwa mbali kutoka chini, na sisi bado tunapiga.

Baba alitokea juu yetu, wala si upande alikokwendea. Suruali imechanika gotini, viganja vinatoka damu, kiatu kimoja hana. Alikuwa ameteremka genge ambalo hakuweza kulipanda tena, akazunguka, akapotea kabisa. Alikaa chini mbele ya mama yake, akaweka kichwa mapajani pake kama mtoto.

"Nililisikia bati, mama," akasema. "Nikalifuata bati tu."

Bibi alimpangusa vumbi usoni. Alitaka kumgombeza, nilimwona anafungua mdomo, lakini alichosema ni, "Kula kwanza." Tukala samaki wenye mchanga. Sijapata kula samaki watamu vile.

Sidab hatukufika. Tuligeuka kurudi tulikotoka, baba amefunga mguu kwa kilemba chake, tukapanda tena mpaka juu, tukateremka hatua kwa hatua, maji yamekwisha. Alasiri ilikuwa imepita tulipomwona mtu anapanda kuja kwetu na fimbo, dumu la maji begani. Alikuwa jirani. Saa tuliyomwambia ilipita, naye hakusubiri kuulizwa. Alimpa bibi maji kwanza, na bibi, ambaye Kiarabu chake kilikuwa cha kwenye Kurani tu, alimshika mkono kwa mikono yake miwili, akalia.

Tangu siku ile wakawa wanaelewana wale wawili, kila mmoja kwa lugha yake. Alfajiri bibi alikuwa akimpelekea jirani mkate wa moto, naye akimletea maziwa ya mbuzi.

Bibi, baba na jirani, wote watatu wamekwishatangulia mbele ya haki. Nyumba zile zimevunjwa, na njia ya lami imepasua jabali, unafika Sidab kabla wimbo mmoja redioni haujakwisha. Majirani wangu wa sasa ni watu wema, tunasalimiana kwenye lifti, lakini hapana anayejua natoka saa ngapi wala narudi saa ngapi. Hilo ndilo ninalolikosa, kuliko nyumba, kuliko hata ule mkate. Lakini sina huzuni kubwa. Nikipita pale na gari hupunguza mwendo, nikayatazama yale mawe mekundu, nikasema alhamdulillahi. Tulipanda watatu, tukarudi watatu.