Uji wa Mzazi, na Mimi Sina Mtoto

Vigelegele. Hata leo nikifumba macho navisikia vikipanda kutoka kwenye shamba la chai kule bondeni mpaka langoni kwetu. Ilikuwa sauti ya nyanya jirani yetu, mwanamke aliyebakiwa na meno machache lakini kifua chake kinashinda spika ya kanisa. Nyuma yake walikuja akina mama wa chama cha mama yangu, viondo mgongoni, chupa za uji mkononi, na mmoja amebeba mkungu mzima wa ndizi.

Mimi nilikuwa nimelala kwenye kochi, blanketi hadi shingoni, na nje jua linawaka. Nyanya akaingia bila hodi, akachungulia huku na kule, akauliza:

"Basi mtoto yuko wapi tumwone?"

Mama akashika mdomo. "Nyanya, hakuna mtoto. Nilisema msichana amekataa chakula."

"Ai! Na huu uji wote?"

Akina mama wakacheka mpaka wakatafuta pa kukaa. Mimi pia nilicheka, na kucheka kukanichosha kama kupanda mlima.

Nyanya hakuwa na makosa. Kwetu Kanyakine, mwanamke akijifungua, wenzake humletea uji wa wimbi na ndizi na kuni, wanamlisha mpaka mwili umrudie. Mama aliposimama chamani akasema binti yake anaisha, wale wanawake hawakuwa na njia nyingine ya kurudisha mwili wa mtu. Wakafanya wanachojua. Nyanya alikuwa amechelewa mkutano, akasikia nusu.

Kabla ya hapo nilikuwa nimetibiwa taifodi, halafu amiba, halafu vidonda vya tumbo. Msichana akikataa chakula kwetu, basi ana mimba, au tumbo ni bovu, au ana madharau. Hilo langu halikuwa na jina. Lilianza baba alipofariki, mwaka ule nilioacha shule nikiwa kidato cha pili. Mwanzoni nilisema nimeshiba. Baadaye nikaona kwamba nikikaribia sahani moyo unaanza kukimbia, na nikiisukuma unatulia. Nikaanza kuupenda ule utulivu.

Wale akina mama walikuja kwa zamu. Anayekuja anakaa mpaka nimalize kikombe, huku ananipigia umbea wa soko. Nilikunywa kwa sababu niliwapenda. Mashavu yakarudi. Kanisani nikashikwa mkono na kila mtu: "Umenona! Sasa wewe ni msichana!" Akina mama wakanitazama kama mahindi waliyopalilia wenyewe. Mimi nikatabasamu, maana nyumbani kwetu mimi ndiye wa kutabasamu, lakini yale maneno yalinishuka tumboni kama mawe. Zamu zilipokwisha, nikaacha kula tena.

Mama aligundua akiwa anamenya ndizi. Aliweka kisu chini taratibu.

"Mwanangu, tulikosea wapi?"

Kama lingekuwa tumbo lingekuwa limeshapona. Ndipo akanipeleka Embu, kwenye hospitali ambako tuliambiwa kuna mshauri wa mambo ya akili. Mama alibeba chupa ya uji, eti daktari aone kwamba mtoto wake hakunyimwa.

Mshauri alikuwa dada mwenye rasta, mkubwa kwangu kidogo tu. Mama alimweleza habari ya chakula mpaka pumzi ikamwisha. Yule dada akasikiliza yote, kisha akanigeukia.

"Tangu baba aende, umewahi kulia?"

"Hapana," nikasema. "Nilikuwa napika."

Mama akanitazama kana kwamba nimeongea kwa lugha asiyoijua. Lakini ilikuwa kweli. Mimi ndiye kifungua mimba. Wiki ile ya matanga nilisimama kwenye masufuria makubwa kule nyuma ya nyumba, nikapakua. Watu wanakula, wanarudisha sahani, wanasema, "Kairitu," yaani msichana, "niongezee nyama kidogo." Msichana hodari, walinisifu. Siku ya kumzika nilisikia nyimbo kwa mbali, mwiko uko mkononi. Tangu hapo chakula chochote kilininukia matanga. Sikuwahi kulisema hilo kwa mtu, na wala sikujua kwamba nalijua, mpaka lilipotoka mdomoni mwangu pale kwenye kiti cha plastiki.

Yule dada alituambia kwamba uji wa akina mama haukupotea bure, kwa sababu kichwa chenye njaa hata ukikishauri hakishiki kitu. Lakini huzuni na hofu zisipotibiwa, chakula kitakataliwa tena na tena. Niliandikiwa dawa za kutuliza hofu na daktari wa pale, nikapangiwa siku za kurudi kuongea na yule dada. Mama akapewa kazi yake: nyumbani apatikane mtu wa kukaa nami bila kutazama kijiko.

Mama akaipeleka ile kazi chamani.

Sasa, hapa ndipo ninapojivunia watu wangu. Kwetu mwanamke haendi kumtembelea mtu mikono mitupu. Ni aibu. Hata maskini hubeba japo sukari kwenye karatasi. Lakini Jumamosi ile walikuja wote bila kiondo, bila chupa, bila chochote. Walikaa sebuleni wakiwa hawajui waweke wapi mikono. Mmoja aliikalia. Mwingine alikunja leso, akaikunjua, akaikunja.

"Tumekuja kukuona tu," akasema nyanya. "Hatukuleta kitu."

"Na hiyo ndani ya sweta?" akauliza mwenzake.

"Sweta yangu inakuhusu nini?"

Wakamvuta, ikaanguka ndizi mbivu. Tulicheka, yeye akainama kuiokota akinung'unika kwamba hiyo ni yake ya njiani.

Halafu akaanza kusimulia jinsi baba yangu, akiwa kijana, alivyokimbizwa na fahali wa kanisa akapanda mti wa kahawa, na mti ukavunjika naye. Mwingine akakumbuka alivyokuwa akiimba sauti ya tatu kwenye kwaya, nje ya tuni bila hata aibu. Nilicheka, nikacheka, na katikati ya kicheko nikasikia kinageuka. Nililia mpaka sweta ya nyanya ikalowa. Kwetu mtu akilia huambiwa nyamaza. Siku hiyo hakuna aliyesema nyamaza. Mama alilia upande wake, mikono mapajani.

Sikupona siku hiyo. Nisikudanganye. Kuna wiki nilirudi nyuma mpaka mama akaogopa kunitazama. Lakini nilijifunza kutofautisha: leo si chakula ninachokikataa, leo namkosa baba. Nikilisema kwa sauti, kijiko kinakuwa chepesi kidogo. Si siku zote. Kidogo.

Mimi ni mtu wa ndoto, na ndoto yangu ilikuwa kushona magauni ya harusi nikiwa na duka lenye mlango wa buluu. Nilipopata nafasi ya kujifunza ushonaji Embu, mama alikataa. Nikiishi peke yangu, nani atajua kama nimekula? Tulibishana msimu mzima wa kuchuma kahawa. Mwishowe yeye mwenyewe akanisaidia kubeba godoro. Hajakoma kuogopa. Akinipigia simu huanza, "Umeku—" kisha anajikata: "Moyo umeamkaje?" Nami namwambia ukweli, hata siku ukweli ni mbaya.

Siku yangu ya kwanza kwenye chumba changu, majirani walikuwa kazini. Nilikuwa nimezoea kupikia watu au kupikiwa na watu. Kumpikia mtu mmoja, na mtu huyo awe mimi, sikuwahi. Nilipika wali na ndengu. Nikapakua sahani moja, nikaketi kitandani, maana kiti sina, nikaonja. Chumvi ilikuwa imepungua. Nikainuka, nikaongeza.