Kaka Projestus na Track ya Nne

Simu yangu bado ina ujumbe wake wa Jumanne: "Shemeji, wimbo wa sita nimeupata, unakuja." Jumatano wakatupigia kwamba Kaka Projestus hayupo tena. Jamani, mimi bado nausubiri huo wimbo. Akili inakataa.

Wengi mlimjua kama fundi redio wa Nkwenda. Mimi namjua kama mtu aliyenipa mume.

Mwanzoni mwa miaka ya tisini, nimetoka kumaliza form four, tulikuwa tunaimba nyumbani kwao Kituntu: mimi, rafiki yake Deus na dada zake Kaka wawili. Padri mmoja mgeni, alipoondoka, alimwachia Kaka mashine ya kurekodia ya kaseti yenye track nne, yaani njia nne za sauti, kila mtu na maiki yake. Umeme hakuna, tulitumia betri ya gari.

Kabla ya kila wimbo Kaka alitusimamisha. "Pigeni makofi mara moja. Moja tu! Halafu kimya." Tukimuuliza ya nini, anajibu, "Mtanishukuru." Nadhani hata yeye hakujua. Alimwona padri akifanya hivyo.

Siku moja mama yangu aliichukua kaseti ya mashine, akaiweka kwenye redio ya kawaida amsikie mwanawe. Zikatoka sauti nzito, za polepole. Akageuza upande wa pili, watu wanaimba kinyumenyume. "Mawe, mama wee! Hawa ni akina nani?" Akashika rozari.

Kaka alicheka mpaka akakaa chini. Mashine ile ilizungusha kaseti mbio maradufu na kujaza pande zote mbili kwa mkupuo mmoja; redio ya kawaida haikuiweza. Kisha akazificha kaseti zote kwenye debe, juu ya maharage makavu. Zikakaa humo miaka na miaka.

Deus alihamia Mwanza, akaoa, akafiwa na mkewe. Mimi nilibaki Rubwera na kazi yangu ya ofisini. Watu waliniuliza nitaolewa lini, halafu wakaacha kuuliza.

Mwaka jana Kaka akaamua kuzihamishia nyimbo kwenye laptop. Mkanda wa mpira unaozungusha mashine ulikuwa umeoza, akatafuta mwingine mwezi mzima! Laptop nayo ilipokea track mbili tu kwa wakati mmoja, ikabidi acheze kila wimbo mara mbili, kisha aunganishe. Hapo ndipo yale makofi yakafanya kazi. Yalisikika kwenye track zote, akaweka pa! juu ya pa!, na sisi wanne tukawa pamoja tena. Nyimbo tano zilipona hivyo; wa sita ulikuwa bado haujaonekana.

Akanipigia mchana, niko kazini.

"Adela, umekaa?"

"Nimekaa. Kuna nini, Kaka?"

"Njoo Nkwenda. Leo."

Akanivalisha headphone, akafungua track ya nne peke yake, ile ya Deus. Nakala tulizogawiwa zamani zilikatwa wimbo unapoisha. Hii iliendelea. Unatusikia sisi wasichana tukitoka nje tukicheka. Deus amebaki kwenye maiki, hajui kama mashine inarekodi. Anasema taratibu, "Adela, nakupenda." Anajaribu tena, kama anayekariri somo: "Adela, nakupenda. Aa, atanicheka huyu."

Sikucheka, ndugu zangu. Nililia mpaka headphone ikalowa.

"Nimpe namba yako au nifute?" Kaka akaniuliza.

"Waitu, jamani, thubutu ufute!"

Leo nina wiki saba kwenye ndoa. Deus wangu huamka mapema, ananichemshia chai ya tangawizi, ananiita bibi harusi hadi mbele ya wageni. Furaha hii yote ilikuwa kwenye debe la maharage!

Harusini Kaka alikataa kutoa hotuba. Alisimama, akapiga makofi mara moja, akakaa. Watu walishangaa. Sisi wawili tulielewa.

Jana tumemzika Kituntu, kando ya migomba yake. Tuliporudi, Deus akafungua faili lile. Siku zote huwa tunaishia pale kwenye "atanicheka huyu". Jana tuliliacha liendelee. Mlango unalia, mtu anaingia kutoka kuangalia betri, sauti ya ujana kabisa: "He! Kumbe bado inazunguka?" Kisha akaizima.

Kaseti zote zile alirekodi wengine. Yeye hakuimba hata wimbo mmoja. Sauti yake ni hiyo tu.

Ndiyo, Kaka. Bado inazunguka. Wimbo wa sita tutautafuta wenyewe, na tutaanza ulivyotufundisha: makofi mara moja, halafu kimya.

Lala kwa amani, mshenga wetu.