Boksi Lililokaa Mlangoni

Ukitaka mzigo wako ushuke wa kwanza Mombasa, hakikisha umepakiwa wa mwisho. Kontena lina mlango mmoja. Kilichoingia mwisho ndicho kinachotoka mwanzo, na kilichosukumwa kule ndani kabisa kitangoja mpaka vingine vyote vishuke. Jambo hili niliwaeleza watu wengi kwenye ghala letu la Al-Sulay, pale Riyadh, hata wale ambao hawakuniuliza, kwa sababu nikiwa na neno la kusema siwezi kulimeza.

Nilikuwa dereva wa trela katika kampuni inayosafirisha maboksi ya wafanyakazi Wakenya kwenda nyumbani. Kwenye makaratasi kampuni ilikuwa ya kafili, mdhamini wetu wa kisheria, Msaudi mpole tuliyemwona siku za kutia saini tu. Tajiri mwenyewe alikuwa Nairobi, mtu wa kwetu kabisa, na hiyo ndiyo sababu nilipata kazi. Hapa alikuwa amemweka meneja, Mkenya mwenzetu, tuliyemwita bosi. Watu walileta sufuria, viatu, maziwa ya unga na nguo za watoto ambao pengine walikuwa wameshazizidi. Tukishapakia, mimi nilivuta trela hadi Jeddah, tukaongeza maboksi ya huko, kisha kontena likaingia bandarini.

Ni kazi ya upweke, na sitaipaka rangi. Kutoka Riyadh hadi Jeddah unaweza kumaliza safari nzima bila kuambiwa neno na mtu, isipokuwa yule anayekutilia dizeli, naye anasema "yalla" tu, yaani haya, twende. Nimewahi kujikuta nabishana na redio ya Kiarabu nisichokielewa vizuri. Chumbani tulikuwa madereva wengi, lakini huyu akiingia yule anatoka, na mwenzangu wa kitanda cha juu nilimjua zaidi kwa soksi zake. Ijumaa nilikuwa nakwenda soko la Batha, si kwa sababu nina cha kununua, bali kusimama mahali ambapo watu wanagombana kwa Kiswahili. Nilikuwa nasikiliza, kisha narudi Sulay nikiwa nimeshiba kidogo.

Mwaka huo wa uchaguzi nilikuwa na cha kununua. Mama yangu anaishi peke yake huko kwetu juu, kwenye viazi na ukungu, tangu baba alipofariki. Mwezi wa Julai huko jua huchungulia tu na kurudi lilikotoka. Mama alikuwa ameanza kulalamika mapema.

"Baridi ya mwaka huu imekuja na shoka, baba," aliniambia kwenye simu. Kwetu mama humwita mwanawe wa kiume baba, na ukiwa mbali neno hilo linaweza kukutoa machozi katikati ya foleni ya mkate.

Nikamwambia nitamletea blanketi la Saudi, lile zito la manyoya ambalo likikulalia hugeuki. Nililitafuta Batha kwa Ijumaa kadhaa. Muuzaji, kijana wa Yemen, alichoka nami. "Halas, rafiki," akasema, "chukua au acha, mafi, hakuna nyingine." Nilichukua rangi ya damu ya mzee yenye maua meupe, kwa sababu mama alikuwa na kitambaa cha kanisani cha rangi hiyo. Nikalifunga kwenye boksi pamoja na viatu vya ndani vya sufu, nikaandika jina lake pande zote, na siku ya kupakia nikatumia udereva wangu: nililiweka boksi lake mwisho kabisa, upande wa mlangoni. Lishuke la kwanza, ukiacha yale machache ya Jeddah. Sikuwa nimekwenda nyumbani kwa muda ambao sipendi kuutaja, na nilitaka mama alale amefunikwa na kitu ambacho mikono yangu imekishika. Hilo tu ndilo nililokuwa nalo la kumpa.

Jeddah nilikuwa na boksi moja la kuchukua mwenyewe, la dada mmoja wa Mombasa aliyefanya kazi za ndani kwenye nyumba ya ghorofa tatu. Alilitoa kupitia mlango wa nyuma, madam wake akiwa amesimama nyuma yake na simu sikioni. Ndani mlikuwa na gauni na vitambaa vya harusi ya mdogo wake.

"Kaka yangu, zitafika?" akauliza.

"Zitafika, dada. Zinapakiwa mwisho, zinashuka mwanzo."

Akacheka. Nadhani yule ndiye mtu wa kwanza niliyemchekesha mwezi mzima, na nilifika yadi yetu nikiwa nimevimba kichwa.

Bosi alikuwa yadini kabla yangu. Alikuwa amepanda ndege kutoka Riyadh, jambo ambalo si la kawaida yake, na pembeni mwake palikuwa na lundo la marobota yaliyofungwa kwa kamba ya bluu. Kwenye kila robota kulibandikwa karatasi yenye jina la mtu.

"Fungua kontena," akaniambia. "Kuna mzigo wa haraka. Mablanketi."

"Ya nani?"

"Ya wagombea wetu huko nyumbani. Ni mchango wa kampuni."

Nikasoma yale majina. Mmoja alikuwa anataka ugavana kwetu. Mwingine alikuwa anataka ugavana uleule, na wiki hiyo nilikuwa nimewaona kwenye simu wakitukanana. Wa tatu alikuwa wa ubunge.

"Bosi, hawa wawili wanapigania kiti kimoja," nikasema. "Yupi ndiye wetu?"

"Atakayeshinda." Alisema kwa utulivu, kama mtu anayeeleza njia ya kwenda msikitini. "Wa kaunti tunamhitaji kwa lile ghala tunalojenga. Wa bunge tunamhitaji kwa mambo ya forodha. Kampuni haina chama, bana. Kampuni ina mizigo."

Kufikia hapo sikuwa na ugomvi. Wenye mali huwapa wenye siasa tangu zamani, na mimi si mtoto. Kisha nikaliangalia lundo, nikaiangalia ile nafasi tuliyowaachia watu wa Jeddah, na nikaona kwamba haitoshi.

"Hayaingii," nikasema.

"Yataingia. Maboksi ya Jeddah yatangoja. Na hayo ya mlangoni toeni."

Hayo ya mlangoni. Mimi, mwalimu wa upakiaji wa Al-Sulay nzima, nilikuwa nimemweka mama yangu mahali pa kwanza kufikiwa na mkono. Maboksi ya watu wasiojuana na mtu, yale yaliyosukumwa ndani kabisa bila kuulizwa, yalikaa salama salimini.

"Watu wamelipia hii nafasi, bosi."

"Na wataenda, si wanaenda tu? Kontena lijalo."

"Kama ni mchango wa kampuni, kampuni itoe nafasi yake. Hii ni ya watu."

"Kampuni ni mimi na wewe," akasema, akanipiga begani.

"Basi mbona sikuulizwa?"

Hapo uso wake ukabadilika. Hakupiga kelele. Alisema tu kwamba kafili anatia saini za ikama, vibali vyetu vya kukaa, mwezi ujao, na kwamba yeye hapendi kumpelekea majina yenye matatizo. Kisha akasema, "Yalla." Nililibeba boksi la mama mwenyewe, sikutaka mtu mwingine alishike, nikaliweka chini ya turubai ukutani, juu yake nikaweka la yule dada. Halafu nikasaidia kupakia marobota. Kila robota nililisukuma kwa hasira.

Dada nilimpigia simu siku iliyofuata, nikamweleza kwamba boksi lake limeachwa ili mablanketi ya wagombea yapite. Nikasikia maji yakimwagika kwenye beseni.

"Kwa hivyo mimi nimempigia mtu kampeni?" akasema. "Mtu nisiyemjua, wa huko bara, na kura yenyewe sina?"

Akasema ana vyombo vya kuosha, akakata. Mdogo wake aliolewa kwa gauni la kuazima, na mimi nilijua kwa sababu dada alinitumia picha bila neno lolote.

Kontena lililofuata lilikwenda na kofia na fulana za kampeni. Kila nilipofika Jeddah nililikuta boksi la mama palepale chini ya turubai, na kila nilipoliona nilifuta vumbi kwenye jina lake. Nilimwambia mama nimtumie pesa anunue blanketi mjini. Akakataa kabisa.

"Si umesema la Saudi linakuja? Nimeshawaambia wamama wa kanisa. Nitalingoja."

Julai ikaingia. Siku moja nikiwa nimeegesha kando ya barabara kuu, nakunywa chai ya rangi peke yangu kwenye kivuli cha trela, ikaingia picha kutoka kwa binti wa jirani yetu. Mama amekaa kwenye kiti mbele ya nyumba. Kichwani kofia ya mgombea ubunge. Mabegani blanketi la kahawia lenye simba mkubwa, na mama anacheka mpaka pengo linaonekana. Yale mablanketi ya simba nilikuwa nayajua. Robota moja lilipasuka nilipokuwa nalisukuma, na yule simba alinitazama njia nzima ya kuliingiza ndani.

Nikapiga simu papo hapo.

"Bwana asifiwe, baba! Umeona?" Alikuwa anapiga kelele kwa furaha. "Mheshimiwa amekuja mwenyewe. Mpaka hapa mlangoni, na matope haya! Amenishika mkono, akaniuliza watoto wangu wako wapi. Nikamwambia ninaye mmoja, yuko Saudi. Akasema, 'Mama, basi kuanzia leo mimi ndiye mtoto wako.'"

"Akasema hivyo?"

"Mbele ya watu wote."

Nilitaka kumweleza. Nikaanza: kwamba mablanketi yale yalitoka huku, kwamba hakuyanunua yule, kwamba ni kampuni yangu iliyoyatoa na ni mimi niliyeyavuta hadi Jeddah, na kwamba la kwake lilitolewa ili hayo yapite. Mama alisikiliza mpaka mwisho. Nilimsikia akivuta pumzi, nikadhani nimemkasirisha, na ukweli ni kwamba nilitaka akasirike. Nilitaka alivue lile blanketi.

"Kumbe mnafanya kazi pamoja!" akasema. "Mbona hukuniambia, baba? Basi ukimwona mwambie daraja letu limebebwa na maji."

Niliporudisha simu mfukoni chai ilikuwa imepoa. Nilikaa pale nikimwonea wivu mtu ambaye hata hajui kwamba nipo. Alikuwa amekaa kwetu dakika chache, ameshika mkono wa mama yangu, na kwa hizo dakika alikuwa mtoto kuliko mimi. Sikuwa na mtu wa kumwambia. Nilimwaza yule dada wa Jeddah, lakini ningemwambia nini, na yeye alikuwa na beseni lake.

Uchaguzi ukapita. Mgombea ubunge akashinda, mmoja wa wale wa ugavana akashindwa, na kampuni ikampongeza mshindi kwa moyo wote kama vile haikumjua yule mwingine. Kofia za aliyeshindwa zilizobaki tuligawiwa sisi. Nilivaa moja kwa miezi kwenye jua la Sulay, na ilikuwa kofia nzuri. Bosi alisema mambo ya forodha yamekuwa mepesi sasa. Huenda yalikuwa. Maboksi yalifika haraka zaidi, sitamsingizia.

La mama lilisafiri hatimaye, na la dada pia. Sikusema lipakiwe wapi. Nilimwambia kijana wa yadi aliweke popote, nikaenda kuangalia matairi.

Lilifika wakati kule kwetu jua limeshakausha njia. Mama alinipigia mwenyewe, kitu ambacho hafanyi kwa sababu ya kuogopa kumaliza salio. Nilikuwa njiani, nikasimamisha trela kando.

"Limefika, baba! Maua yake! Wamama wa kanisa wamekuja kuligusa, nimewaambia wanawe mikono kwanza. Mwenzake hayupo hapa kijijini."

"Umelitandika?"

"Nilitandike?" Akanicheka. "Kitu kizuri namna hii? Mimi lile la simba linanitosha, nimeshalizoea. Hili nimelirudisha kwenye mfuko wake, nimeliweka juu ya kabati. Ni la wageni."

"Wageni gani, mama?"

"Si wewe, baba? Ukija utajifunika nalo."