Bakuli Jeupe na Bakuli la Bluu

Nyumbani wananiita Pilipili, na sikatai. Hasira zangu ziko karibu. Ila za mwezi ule nilijiambia ni za haki, kwa sababu kaka yangu alitaka kufunga karakana ya baba.

Baba ametengeneza pikipiki miaka thelathini na nane katika chumba cha mbele cha nyumba yetu, chenye mlango wa bati na meza iliyokunywa oili mpaka ikawa nyeusi. Injini anawaachia wengine. Yeye ni kabureta tu: anafungua, anaosha, anafunga, na pikipiki iliyokuja ikikohoa inaondoka inapumua vizuri. Mtaa mzima unamwita Mzee Kabureta.

Kaka alianza kwa upole. Baba amechoka, alisema, apumzike. Nikamuuliza nani kamwambia baba amechoka, akanyamaza. Hilo ndilo lililonipandisha mori kila siku: ukimbana, ananyamaza. Mwisho tukapatana. Mwalimu mmoja mstaafu alikuwa ameleta pikipiki yake ya zamani, ya pistoni mbili na kabureta mbili, iliyolala stoo miaka kumi na moja. Baba akiiwasha, kaka asitie neno tena. Akishindwa, mlango ufungwe.

Kwa kabureta mbili baba ana sheria moja. Vipande vya kushoto vinakaa kwenye bakuli jeupe, vya kulia kwenye bakuli la bluu, na havichanganywi hata vikifanana kama mapacha.

"Hizi ni ndoa mbili," alinifundisha nikiwa binti mdogo. "Wamezeeka pamoja, wamechubuana pamoja. Ukiwabadilishia wake, nyumba zote mbili hazilaliki."

Alhamisi alizifungua zote. Ijumaa asubuhi nilipompelekea chai, bakuli la bluu lilikuwa tupu. Sindano, maboya, jeti, vyote vimerundikana kwenye jeupe. Baba alikuwa kwenye stuli yake anavitazama. Akaniuliza nani amegusa kazi yake. Aliyepita karakana asubuhi ile ni mmoja tu, kaka.

Nilimshukia jikoni mbele ya mkewe. Nilimwita mnafiki. Nilimwambia anayemhujumu mzazi wake hana tofauti na mwizi, na nikamwambia mengine ambayo siyaandiki. Wifi yangu aliacha kuosha vyombo. Kaka akafuta mikono taratibu.

"Sawa," alisema. "Nimechanganya mimi. Mwambie baba anisamehe."

Kukiri kwake kulinichoma zaidi. Angebisha, ningejua niishike wapi hasira yangu. Mchana kutwa nikakaa na baba tukivitenga vipande upya, huku nikimsema mwanawe, naye akiitikia kwa kichwa.

Jumamosi niliingia mapema kufagia. Baba alikuwa amenitangulia, amenipa mgongo. Alichukua bakuli la bluu, akalimimina kwenye jeupe, akalikung'uta mpaka kipande cha mwisho, kisha akalifuta kwa kitambaa.

"Moja linatosha," alijisemea. "Visije vikapotea."

Alitulia kidogo akitazama alichokifanya. Halafu akageuka, akaniona na ufagio mkononi, akauliza kwa ukali nani amegusa kazi yake.

Nilikwenda moja kwa moja bombani, kaka alikokuwa akichota maji, nikamuuliza kama alikuwa akijua. Akasema ameona mara tatu, na ya kwanza ilikuwa mwezi uliopita.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungemuuliza mwenyewe, mbele ya watu. Wewe ukipandwa na mori husitiri. Nikasema bora unichukie mimi."

Nilitamani kumpiga. Nilikasirika kwa sababu alisema kweli, na kwa sababu nilimtukana mbele ya mkewe naye akameza. Zaidi niliukasirikia uzee, ambao huwezi kuukunja shati ukaudai majibu.

Baba alipolala mchana, tulikaa mezani sisi wawili. Tulijaribu kipande kimoja kimoja: kilichokuwa mahali pake kiliteremka chenyewe, kisichokuwa pake kilikwaruza. Halafu nikachukua msumari, nikachora mstari mmoja kwenye kila kipande cha kushoto na miwili kwenye kila cha kulia. Hata vikichanganywa mara mia, vitajulikana.

Jioni mwalimu alikuja kutazama. Baba akavaa miwani, akashika kipande cha kwanza, akakigeuzageuza penye mwanga.

"Nani amechora hapa?"

Akashika cha pili, akakiona nacho.

"Fundi haweki alama," alisema kwa hasira. "Alama ni za mtu anayesahau. Nani anasahau humu ndani?"

Kaka akafungua mdomo. Nikamwahi.

"Mimi, Baba. Mimi ndiye ninayesahau. Mstari mmoja ni kushoto, miwili ni kulia."

Alinisema mbele ya mgeni. Alisema amepoteza miaka kunifundisha, kwamba nina kichwa cha kuku, kwamba bora kaka yangu, anayekaa kimya na kutazama. Mimi, Pilipili, nilisimama nimekunja mikono nikayapokea yote. Midomo yake haikupumzika wala vidole havikukosea, mstari mmoja kushoto, miwili kulia, mpaka kipande cha mwisho.

Pikipiki ilishika kwa kiki ya nne. Baba alizungusha mafuta kidogo, akasikiliza, kisha akaninyooshea bisibisi na kuniambia niisikilize pikipiki vizuri ili nisije nikasahau.